Tuzipange Mbio Zetu Kuanzia Nyuma

(Hotuba iliyotolewa mbele ya viongozi na wanachama wa klabu za joging za Temeke, Dar es Salaam, katika kikao cha maandalizi ya mbio za pamoja za kilomita 10)

Mwenyekiti wa kikao, walezi wa klabu, wazee wetu mliotutangulia katika mchezo huu, dada zangu, kaka zangu na vijana wetu: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Habari za jioni.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mtoni, na kwa miaka ishirini na miwili nimekaa mbele ya cherehani ile ile. Nilipofika miaka arobaini na sita presha ikapanda, daktari akaniambia nianze kutembea. Nikawa natembea alfajiri kabla sijafungua kazi. Jumapili moja mkanipita pale barabarani, mko kama sitini, fulana za njano, filimbi inalia, mnaimba mchakamchaka, mwenye bendera nyekundu amesimamisha magari. Kijana mmoja wa mstari wa nyuma akanigeukia akasema, "Mama, ingia. Huku nyuma hatuachi mtu." Nikaingia na kanga yangu kiunoni na ndala miguuni. Siku hiyo nilikwenda nanyi umbali wa vituo viwili vya daladala, na kweli hamkuniacha.

Nataka mlikumbuke neno la yule kijana, maana ndilo limenileta hapa mbele. Kwenye joging zetu za mitaani mstari wa nyuma una kiongozi wake. Mtu akibanwa na kichomi, filimbi inapigwa, wa mbele wanapunguza. Mwenye bendera hawaruhusu bodaboda wapite mpaka mtu wa mwisho amevuka. Hakuna aliyetufundisha hayo kwenye semina, tuliyakuta kwa waliotutangulia. Sasa tunataka kuandaa mbio zenye namba za kifuani, medali na wadhamini, na mimi nina hofu kwamba tutakapovaa namba tutausahau mstari wa nyuma. Nimepewa dakika ishirini, neno langu ni moja: mbio hizi tuzipange kuanzia kwa mtu wa mwisho.

Niwaeleze yaliyonikuta. Miaka mitatu iliyopita nilijiandikisha mbio za jiji, kilomita 21. Sitazitaja jina, kwa sababu sikuja kushitaki mtu, na walioziandaa naamini walikuwa na nia njema. Nilikuwa nimejiandaa miezi mitano. Nilishona mwenyewe kaptura ndefu ya kuvaa ndani ya sketi, ili nisichubuke mapajani. Nilikuwa najua kasi yangu: kilomita moja kwa dakika nane na nusu hivi, sipungui sana wala siongezi sana. Nikapiga hesabu nikaona nitamaliza kabla ya saa tatu kutimia, na saa tatu ndio muda tuliotangaziwa. Mbio zianze saa 12:00 asubuhi, barabara ifunguliwe saa 3:00.

Saa 12:00 tukawa tumepangwa. Tukasubiri. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Wakatuchezesha muziki, wakatunyoosha viungo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Jua likachomoza tunalitazama. Tuliruhusiwa kuondoka saa 12:50.

Ndugu zangu, hizo dakika hamsini nani alizilipa? Aliyeshinda alitumia saa moja na dakika chache. Yeye hakupoteza kitu, alimaliza barabara ikiwa bado imefungwa, akanywa maji yake, akapigwa picha. Dakika hamsini tulizilipa sisi wa nyuma, tukazilipa zote. Kibali cha barabara hakikusogezwa. Ilipotimu saa 3:00 mimi nilikuwa nimekimbia saa mbili na dakika kumi, nimepita kilomita ya 15 kidogo tu, na magari yakaachiwa.

Lakini kabla ya magari kulikuwa na maji. Kilomita ya 12 niliikuta meza, na kitambaa cha meza chenye nembo ya mdhamini kipo, na vizibo vimetapakaa barabarani. Maji hakuna. Yule binti wa pale mezani alikuwa karibu kulia. Aliniambia, "Mama, wametuletea maboksi machache, na wa mbele wanachukua chupa wanajimwagia kichwani." Hakuwa na kosa. Aliyepiga hesabu ya maboksi alihesabu vichwa, hakuhesabu muda. Mtu wa kwanza anapita pale hajapigwa na jua, anakunywa funda moja au hanywi kabisa. Mimi nafika pale jua limeshapanda, nimetoka jasho saa nzima na dakika arobaini, na mbele yangu bado kuna saa nyingine na zaidi. Na jasho la Dar es Salaam mnalijua. Hewa imeshiba unyevu, jasho halikauki mwilini, linatiririka tu, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kwa hiyo anayehitaji maji mengi zaidi ndiye tunayemwekea machache zaidi.

Aliyenipa maji ni mama muuza vitumbua, kilomita ya 14 au 15. Aliniona, akaacha karai jikoni, akachota kikombe kwenye ndoo yenye mfuniko. Nikasimama nikanywa. Nilitaka kumlipa nikajipapasa, sina hata mia. Akasema, "Nenda, wenzako wamekwisha kupita, usichelewe." Nimemtafuta mara mbili baadaye nimpelekee kanga, sijampata.

Barabara ilipofunguliwa nilihamia pembeni, kwenye kokoto. Daladala zinanipigia honi. Gari la wagonjwa lilikuwa nyuma yangu, dereva akishusha kioo kila baada ya dakika chache: "Mama, panda." Hakuwa mkali, alikuwa anataka kwenda nyumbani naye. Nilimkatalia mara tano, kisha akanipita akaondoka, na hapo ndipo nilipoogopa, maana nilijua sasa nikianguka hakuna wa kuniokota. Tulikuwa kama watu kumi na tano tuliobaki, tumetawanyika, kila mmoja peke yake. Mwanamume mmoja mtu mzima, nadhani mwalimu mstaafu, tuliungana naye kilomita ya 18, tukawa hatuongei, tunasikilizana pumzi tu.

Tulifika. Saa yangu ya mkononi ilisema saa mbili na dakika 58. Maana yake mbio zingeanza kwa wakati uliotangazwa, ningekuwa ndani ya muda, na dakika mbili za akiba. Lango lile la kujazwa upepo lilikuwa limelala chini kama godoro. Vijana wanakunja mikeka. Saa kubwa imezimwa. Medali tukaambiwa zimekwisha, zitaletwa, tuache namba za simu. Mimi na yule mzee tukapita mahali palipokuwa na mstari, tukapeana mkono, tukaagana.

Medali sikuidai. Kilichoniuma kilikuja jioni. Mwanangu alifungua matokeo kwenye simu, akatafuta namba yangu. Mbele ya namba yangu pameandikwa kwamba sikumaliza.

Ile mikeka ya mstarini ndani yake ina antena, na kwenye namba ya kifuani kuna chipu ndogo isiyo na betri. Ukikanyaga mkeka, antena inaiamsha chipu, chipu inataja namba yako, mtambo unaandika muda. Ukishakunjwa mkeka, hata upite pale umebeba mlima mgongoni, hakuna wa kukusikia. Nilikimbia kilomita 21 kwa miguu yangu miwili, na kwenye maandishi ya jiji hili sikumaliza.

Septemba 15, 2025 wengi wetu hapa tulikesha. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alipoingia uwanjani Tokyo nyuma ya yule Mjerumani, Amanal Petros, mimi nilikuwa nimesimama juu ya kochi. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Ikabidi picha ya mstarini iamue, na ikaamua kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Nililia. Na katikati ya kulia nikawaza: kumbe mchezo huu una uwezo wa kumpima mtu mpaka sehemu tatu za mia ya sekunde. Kamera inamngoja, mwamuzi anamngoja, dunia inamngoja. Sisi wa nyuma hatuombi sehemu za mia. Tunaomba mkeka ubaki chini saa moja zaidi.

Najua kuna mwenzetu kwenye kikao kilichopita alisema, asiyeweza kumaliza kilomita 10 kwa saa moja na robo abaki kwenye kilomita 5. Namheshimu, ni mkimbiaji mzuri, na najua anafikiria gharama za trafiki. Lakini nimwulize, hao wa saa moja na dakika arobaini ni akina nani? Hesabuni kwenye klabu zenu. Ni mama zenu. Ni wale walioambiwa na daktari kama mimi, wenye presha, wenye sukari, wenye kilo zilizoanza kuumiza magoti. Ni bodaboda aliyevunjika mguu sasa anajaribu tena. Ndio wanaolipa ada ya mwezi bila kusumbuliwa na ndio wanaofika Jumapili hata mvua ikinyesha. Tukiwaondoa hao, tutabaki na vijana ishirini wenye kasi, ambao wangekimbia hata bila sisi.

Sasa niwapeleke Moshi, maana huko nilionyeshwa upande wa pili.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kilimanjaro Marathon, zile mbio zilizoanza 2003. Nilichukua tena kilomita 21. Watu waliniambia una wazimu, hujapona zile za kwanza. Unatoka Chuo cha Ushirika, unazunguka mjini, halafu barabara inageuka kuelekea mlimani, kwenda Mweka, na kuanzia hapo ni kupanda. Si kupanda kwa daraja la Mfugale, lile la juu pale Tazara, ndugu zangu. Ni kilomita juu ya kilomita. Migomba pande zote, kahawa chini yake, maji yanasikika kwenye mifereji yasionekane. Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, tuliiona asubuhi, nyeupe, imesimama kabisa, na kabla sijafika nusu ya mlima wingu lilikuwa limeshaifunika.

Nilikuwa nyuma, kama kawaida yangu. Nikaanza kuona watu wanashuka. Ile njia unapanda na kurudi humo humo, kwa hiyo wa kwanza akigeuza huko juu anakutana uso kwa uso na sisi wote. Walishuka wale vijana wepesi, Watanzania na Wakenya, miguu haigusi chini. Na baadhi yao, wakiwa katika kasi ile, wanashindania fedha, walituinulia kidole gumba. Mmoja alisema "Mama, twende!" akapotea. Sijui kama anajua alichonifanyia. Nilipanda kilomita nzima kwa neno lile.

Kwenye kona moja alikuwapo bibi amekaa kwenye kigoda, na mjukuu amesimama ubavuni kwake. Akaniambia, "Pole mwanangu, panda taratibu." Nikamwitikia nikapita. Nikafika kwenye kugeuza, nikaanza kushuka, mapaja yanatetemeka. Muda mrefu ulikuwa umepita. Nikajua ameshaingia ndani. Nakuta yupo. Alinyanyuka kwenye kigoda akasema, "Umerudi! Nilimwambia mtoto, yule wa kilemba cha kijani bado hajashuka, tusiingie ndani." Nikamwambia "Aika, bibi," yaani asante, ndicho Kichaga pekee nilichokuwa nimefundishwa kwenye basi.

Nilimaliza kwa saa tatu na dakika sita. Uwanja ulikuwa bado umejaa watu. Mkeka ulikuwepo chini, ulilia nilipoukanyaga. Nimemaliza, na imeandikwa.

Kwa hiyo, kamati, ombi langu la kwanza linahusu njia. Kwenye rasimu mmechora duara kubwa. Naomba mfikirie kwenda na kurudi, kilomita 5 kwenda na kilomita 5 kurudi. Sababu yangu ni ile ya Mweka, wa mbele na wa nyuma waonane, maana kwenye duara mtu wa mwisho hamwoni mtu yeyote isipokuwa gari lililo mgongoni kwake. Lakini hata kwa fedha ni nafuu: makutano ya kulindwa yanapungua, askari wanapungua, na meza moja ya maji inahudumia watu mara mbili.

Maji. Hapa naomba niwe king'ang'anizi. Kila meza, theluthi moja ya maboksi iwekwe nyuma, mbali na meza, chini ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na yasifunguliwe mpaka nusu ya wakimbiaji wamepita. Wa mbele watatoa lawama, na tuzibebe. Na muuguzi wa klabu yetu amenituma niseme pamoja na hilo, hasa kwa mnaokwenda Moshi kukimbia kilomita 42: msinywe maji matupu kwa kushindana. Maji yakizidi yanapunguza chumvi ya damu, mtu anachanganyikiwa, anatapika, anaweza hata kupoteza maisha. Aliniambia kwenye mbio za Boston za 2002 walipima damu za wakimbiaji 488, na watu 13 katika kila mia chumvi yao ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Na wa nyuma ndio wako hatarini zaidi, kwa sababu tuna muda mrefu wa kunywa. Kunyweni kwa kiu, na kwenye meza mbili za mwisho tuweke ORS pia, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji.

Kipimo cha njia. Tusipime kwa simu, simu inakata kona. Wanaopima njia za mbio duniani wanatumia baiskeli yenye kaunta ya Jones, kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, kwenye gurudumu la mbele, wanafuata mkato mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, na wanaongeza mita moja kwa kila elfu moja ili njia isije ikawa fupi. Kilomita 10 inachorwa mita 10,010. Na vibao vya kilomita viwekwe mahali pake hasa. Mimi fundi, nikikosea inchi moja kiunoni mteja hapumui. Kibao kinachosema 8 wakati ni 7 na nusu kinamvunja mtu moyo pale pale ambapo alikuwa anajivuta kwa kuhesabu.

Mgeni rasmi tumkaribishe kwa heshima zote kwenye kutoa zawadi. Kuanza tuanze kwa saa. Akichelewa, mlezi wetu atapuliza filimbi, na mgeni atatukuta njiani.

Nyuma ya mtu wa mwisho lisiwe gari. Wawe vijana wawili na baiskeli, wenye maji, wenye simu, wanaoongea naye. Gari la wagonjwa likae mahali linapoweza kufika haraka, lisimpumulie mtu mgongoni. Na barabara isiachiwe mpaka hao wa baiskeli wamepita. Kama kibali hakitoshi tuombe kirefu zaidi, na tukinyimwa tufupishe njia kwa wote, tusifupishe muda wa wachache.

Mwisho, mimi siku hiyo sitakimbia. Naomba mniandike kazi ya mstarini. Mtakuwa na chipu na mikeka, sawa, lakini umeme unaweza kukatika na mitambo huwa inachoka. Nimeshanunua kaunta buku kubwa, nimelipigia mistari: namba, jina, klabu, muda. Kila atakayepita nitamwandika kwa mkono, kama ninavyoandika vipimo vya wateja, na sitalifunga mpaka wale wa baiskeli wameniambia nyuma hakuna mtu. Nahitaji meza, kiti, mwavuli mkubwa na kijana mmoja mwenye macho makali wa kunisomea namba. Atakayejitolea anione tukitoka.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.